Mapafu Niliyoyafukia

Yule mtaalamu sikumpenda tangu aliposhuka kwenye gari akaanza kujipangusa suruali. Alikuja kijijini kwetu, njia ya Iguguno, kutuhakikishia kwamba vumbi la kresha halina shida. Kresha ni ile mashine ya kusaga mawe yawe kokoto. Dada yangu mkubwa aliilisha mawe kwa miaka sita, na tangu kiangazi cha mwaka juzi alikuwa anakohoa. Hospitalini walimpima kifua kikuu mara mbili, hawakukiona. Alitaka kujua kama aendelee na kazi au aache, kwa hiyo mkutanoni alikaa mstari wa mbele.

Mtaalamu akatusomea karatasi. Panya walifungiwa mahali penye vumbi la mawe, wakalivuta, kisha wakapasuliwa. Mapafu yao yalikuwa safi. Kwa hiyo na sisi tusiwe na wasiwasi.

Hasira zikanipanda. Mimi ni mkaguzi wa nyama. Nashika mapafu kila siku kabla ya kugonga mhuri. Nilikuwa nimekuja na ndoo. Nikatoa pafu la mbuzi mzee aliyechinjwa asubuhi ile, aliyelishwa maisha yake yote kando ya kresha, nikalipasua mbele ya mtaalamu. Kisu kilikwaruza kama kinapita kwenye mchanga.

"Mbuzi si mtu," akasema.

"Na panya ni ndugu yako?"

Watu walicheka, nami nilifurahi kumwaibisha, sifichi. Nikamkandamiza zaidi. Panya wake walivuta vumbi la mawe ya wapi? Akakiri si ya huku. Kwa muda gani? Miezi michache. Nikamwambia mbuzi huyu amevuta vumbi letu miaka na miaka, pale pale wanapolivuta watu.

Akaikunja karatasi yake taratibu. "Bwana mkaguzi, umeanza kuona mapafu ya hivi lini?"

"Huu mwaka wa tatu."

"Unayafanyaje?"

"Nayakataa. Nayafukia, watu wasile."

"Ulimwambia nani?"

Nilitamani kumtukana. Daftari langu la machinjio limejaa neno moja, yamefukiwa, na sikuwahi kumwonyesha mtu. Nilijiambia kazi yangu inaishia kwenye nyama. Uongo mtupu. Niliogopa kwamba kresha ikifungwa, kijiji kizima kitanisema mimi.

Mkutano uliisha bila hata kuahidiwa barakoa. Dada alinisubiri pale penye ndoo. Aliongea Kinyiramba, kama tunavyoongea nyumbani, na hakupandisha sauti. Aliniuliza kama ni kweli kwamba kila asubuhi nilipopita kumwamkia nilikuwa naenda kuyafukia mapafu yale. Nikasema ni kweli. Akajifunga kanga vizuri, akaondoka.

Kwetu mdogo akiamkia, mkubwa ataitikia hata kama jana mmegombana. Dada alikuwa akinijibu marahaba hata alipobanwa na kikohozi, mkono kifuani. Kesho yake nilimkuta kreshani amekuja kuchukua sufuria yake na kigoda. Alikuwa anaacha kazi.

"Shikamoo, dada."

Alinipita na vitu vyake. Ningependa kusema hakunisikia kwa kelele za mashine, lakini ilikuwa bado haijawashwa.