Spika ya Besi na Mahindi ya Mama Paulo

Nichekeni na nyinyi, maana Karatu nzima imeshamaliza kunicheka.

Mimi ni seremala wa milango na vitanda. Juzi Tluway, dereva wa watalii, aliniletea spika ya besi nimtengenezee sanduku la kuifunga nyuma ya landrova yake. Karatasi ya spika ilitaka sanduku la lita arobaini. Likizidi au likipungua, besi inaharibika.

Hewa inapimwaje kwa lita? Sikujua, lakini kukiri ningekufa kwanza.

"Hizo ni hesabu za kitaalamu," nikamwambia. "Niachie mimi."

Alipoondoka tu, nikachukua kimyakimya mahindi ya mbegu ya mke wangu. Debe ni lita ishirini, kwa hiyo nikakata mbao mpaka sanduku likaenea madebe mawili sawasawa. Nikayamwaga harakaharaka, nikayarudisha stoo, nikafunga spika. Mke wangu alipoona mbegu imepungua, nikasingizia panya. Akatega mitego.

Siku ya gulio Tluway akaegesha gari katikati ya watu, akaweka kaseti.

"Fundi wangu amepiga hesabu!" akatamba, akaongeza sauti.

Besi ikanguruma, nami nikatunisha kifua. Mara sanduku likaanza kulia kama kayamba. Punje moja ikaruka kutoka kwenye tundu la hewa, ikafuata nyingine, kisha zikamiminika. Kuku wakaja mbio.

Mke wangu, aliyekuwa hapo gulioni, akainama, akaokota punje, akaigeuzageuza kiganjani.

"Baba Paulo," akasema, gulio zima likisikia, "kumbe panya wangu ni seremala."