Tulishinda, Lakini Picha Nilipiga Mimi

Admin, nifiche jina kabisa, maana huku Toronto Waswahili tunajuana.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, mwenyeji wa Morogoro. Naishi Crescent Town na binti yangu wa miaka kumi na tano. Baba yake tulishaachana. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani, na mwaka wa tatu huu namtunza mzee mmoja kule Don Mills. Nimwite Mzee Karim. Ana miaka themanini na moja, Mhindi mzaliwa wa Mwanza, alihamia huku akiwa kijana. Kiharusi kilimlemaza mkono wa kushoto, lakini Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha binti yangu.

Mzee huyu ana ugonjwa mwingine: timu za Toronto. Besiboli, hoki ya barafuni, mpira wa kikapu, zote zake, na zote zimemliza miaka na miaka. Mwanzoni nilikaa naye kwa sababu ya kazi tu, sielewi kwa nini mtu mzima apige kijimpira kwa rungu halafu atimue mbio. Akanifundisha taratibu. Nikikosea ananigombeza, "Mama, wewe unatazama au unasinzia?" Tunacheka mpaka dawa zinachelewa.

Basi vuli hii likatokea ambalo hata yeye alisema hajaliona. Besiboli wakawa wamebakiza mechi moja waingie fainali, na wiki hiyohiyo hoki wanashinda, kikapu wanashinda. Mzee aliyekuwa anakula vijiko vitatu akaanza kumaliza sahani. "Mama, mji wetu umebarikiwa!" ananiambia kila asubuhi kabla hata sijavua koti. Akamwagiza mjukuu wake aninunulie jezi ya bluu. Siku niliyoivaa, watu nisiowajua walinisalimia njiani, na dereva wa basi akanigongea ngumi ya pongezi. Nimekaa hapa miaka kumi na miwili, na siku ile ndiyo kwanza nilisema "sisi" nikimaanisha watu wa Toronto.

Ile mechi ya kuingia fainali iliangukia siku yangu ya mapumziko. Mzee akaniambia, "Familia yangu yote inakuja. Na wewe njoo, umlete na binti. Tumeanza pamoja, tumalize pamoja."

Niliamka mapema nikapika vitumbua. Nikavaa jezi yangu, binti naye akapaka rangi ya bluu mashavuni. Mlango alifungua Rahim, mtoto mkubwa wa Mzee, mtu wa miaka hamsini na kitu. Akanitazama juu mpaka chini.

"Leo si siku yako ya kazi."

"Mzee ametualika," nikasema.

Akaitazama sahani ya vitumbua, kisha akasema, "Sawa, vizuri umekuja. Jikoni wamezidiwa."

Ndugu zangu, niliingia jikoni. Sijui kwa nini sikugeuka. Nilipakua chakula cha watu ishirini, na binti yangu na mashavu yake ya bluu akapewa sinia apitishe vinywaji. Nilikuwa naisikia mechi kupitia ukutani. Namsikia Mzee anauliza kwa Kiswahili, "Mama yuko wapi? Mwiteni akae hapa," na Rahim anamjibu kwa Kiingereza kwamba niko kazini.

Mpira wa mwisho ulipopigwa na nyumba ikalipuka kwa kelele, nilisahau yote. Nilikimbia sebuleni, nikapiga magoti mbele ya kiti cha Mzee, nikauinua ule mkono wake mgonjwa juu kama tulivyozoea kila timu ikishinda. "Tumeshinda, Mzee! Tumeshinda!" Yeye analia, mimi nalia.

Rahim alinishika bega akaniondoa. "Utamwangusha." Halafu akanipa simu yake. "Tupige picha."

Mzee akasema, "Na yeye aingie."

"Baba, hii ni ya familia."

Nikapiga. Tatu.

Kwenye basi binti yangu alikuwa anajifuta rangi kwa kitambaa cha karatasi. Huwa ananijibu kwa Kiingereza siku zote, lakini siku hiyo aliniuliza kwa Kiswahili, "Mama, uliposema tumeshinda, ni sisi na nani?"

Kesho yake Rahim alinipigia. Kwamba nimemzoea baba yao kupita mipaka, na msisimko utampandisha presha. Kuanzia sasa, wakati wa mechi televisheni izimwe, na ameweka kamera sebuleni ahakikishe. Nikikaidi, ataiomba kampuni iliyoniajiri ilete mtu mwingine. Mimi ndiye baba na mama nyumbani kwangu. Nikakubali.

Nilimwambia Mzee televisheni imeharibika. Siku mbili alivumilia. Siku ya tatu, jioni ya mechi ya kwanza ya fainali, magari yakaanza kupiga honi barabara nzima kushangilia ushindi.

"Mama, kelele za nini hizo?"

"Harusi, Mzee."

"Timu yetu je? Imecheza?"

Nilijua akijua ukweli atadai kuona, atagombana na mwanawe, na mimi nitafukuzwa. Nikamwambia wamefungwa vibaya.

"Na hoki?"

"Wamefungwa."

"Kikapu nao?"

"Wote, Mzee."

Akaniangalia, akasema, "Pole, mama. Najua na wewe ulikuwa unazipenda." Akageukia ukutani. Tangu hapo amerudia vile vijiko vitatu, na hajaniuliza tena habari ya mechi.

Mtu ananipa pole kwa uongo wangu mwenyewe! Nikimwambia kweli, kazi imekwenda. Nikinyamaza, namuua taratibu kwa mkono wangu. Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Wenye busara niambieni, kesho nikiingia pale nifungue mdomo au niendelee kuufunga?