Mafiga ya Mama Mkwe

Ipo asubuhi moja, mwanangu, nikifumba macho naiona yote. Kijito chetu hapa Ngumbo, ambacho siku zote unakivuka bila kulowa magoti, kilikuwa kimefurika usiku na kuzoa nyumba zote za ukingoni. Watu tuliokolewa, tukajazana kanisani. Kulipokucha tukakuta nyumba ya mama mkwe wangu imebaki tope na mafiga yake matatu. Nayasema haya kwa sababu nasikia baadhi yenu mliobomolewa nyumba na mvua za mwaka huu mmeshaanza kuchimba misingi palepale. Wekeni majembe chini kwanza, mnisikilize.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ujamaa, nami nilikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limenitangulia mbele. Nilizaliwa milimani, Umatengoni, nikaolewa huku ziwani, na watu wa huku hawakuchoka kunitania kwamba Mmatengo hajui kuogelea. Kweli sijui, mpaka leo. Lakini maji yanayoshuka mlimani nayajua vizuri.

Mkutano wa kijiji uliamua tujenge upya juu, kwenye mteremko, tukisaidiana kwa zamu. Wote walikubali isipokuwa mama mkwe.

"Mume wangu amezikwa hapa," alisema. "Nikipanda huko, nani atamsemesha?"

Mume wangu Osmundi, maskini, asubuhi alisomba mawe ya msingi wetu juu, jioni akachimbia nguzo za mama yake chini. Alikonda, nikamwonea huruma. Na katika ukoo ule nyumba mpya haikupikiwa mpaka mama mwenyewe aweke mafiga yake kwa mkono wake. Hata tungejenga jumba la ajabu, bila mama lingekuwa banda la mbuzi tu. Mimi nilishasema wazi kwamba sizai kando ya kile kijito. Mama asipopanda, narudi kwetu. Nilisema kwa sauti, na sikujutia.

Basi nikajenga kwa ubishi. Tuliinua msingi wa mawe, tukachimbia nguzo za mti mgumu, tukaushusha upenu chini na kuutoa nje sana ili mvua isiufikie ukuta. Juu ya nyumba, mlimani, nilimwomba Osmundi afyeke nyasi na kuzipanga miraba miraba kama wafanyavyo wanaume wa kwetu. Mimi nikazifukia kwa udongo, nikaacha shimo katikati ya kila mraba. Ndiyo ngolo hizo, tunazolimia Umatengoni ili mvua isiondoke na shamba. Chini yake tukachimba mtaro wa kupeleka maji pembeni, porini, yasimwangukie jirani.

Balozi wetu wa nyumba kumi alipita, akacheka. "Shemeji, unalima au unajenga?"

"Najenga, shemeji."

"Mashimo haya yatajaa maji!"

"Yatajaa. Ndiyo kazi yake."

Mvua ikarudi kabla hatujahamia. Ilikuwa bado inapiga nilipomwona mama mkwe anapanda kutoka kwenye kibanda chake, kanga kichwani, hana haraka. Nikajua anakuja kunigombeza.

"Shikamoo, mama."

Alinipita, akaenda kusimama kwenye mashimo yangu, akayatazama yanavyokunywa maji. Akaufuata mtaro mpaka mwisho. Akarudi, akapitisha kiganja ukutani, chini kabisa, akakitazama. Kilikuwa kikavu.

"Marahaba," akasema.

Kisha akamgeukia mwanawe, aliyekuwa amesimama nami upenuni. "Wewe unanichimbia nguzo kule chini, baba yako amekwambia ananyeshewa? Anayehitaji paa ni huyu aliye tumboni. Twende ukanibebee mafiga. Kuyaweka nitayaweka mwenyewe."

Nililia, mwanangu. Nililia mbele ya balozi, aliyekuwa amejikinga mvua kwetu, na sikuona aibu.

Mtoto alizaliwa ndani ya nyumba ile. Kaburi tulilizungushia mawe, pale palipokuwa na nyumba tukapanda mihogo. Kila jioni mama alishuka kumsalimia mumewe, akampa habari zote za kijiji, na umbea pia, kisha akapanda kulala. Kijito kimeshashuka mara nyingi tangu hapo. Kinachukua mihogo, sisi kinatuacha.

Kwa hiyo, wanangu, jengeni juu, na kabla ya kuinua ukuta jueni maji yatapita wapi na yataishia kwa nani. Na mzee wako akikataa kuhama, usimwite mkaidi, wala usimbebe kwa nguvu. Mjengee pakavu, kisha mwache aje aguse ukuta mwenyewe. Makaburi mtayatembelea, kisha mpande kulala juu.

Mungu awape mawe ya kutosha na majirani wenye mikono. Na siku mtakapohamia, awepo mama wa kuwawekea mafiga. Asipokuwepo, niiteni mimi. Mlima bado naupanda.