Bibi Niliyemwosha Nusu

Sina sababu ya kukudanganya. Ningekuwa natunga, ningejipa sehemu nzuri zaidi kuliko hii, maana katika kisa hiki mtu wa kuchukiza ni mimi.

Mimi ni Mkenya, mtu wa Nakuru. Kutengeneza tovuti nilijifundisha mwenyewe kwa simu, bila darasa wala mwalimu, na kwa kuwa kazi hiyo inafanyika popote penye mtandao, mwaka juzi nilihamia Mlingotini, kijiji cha wavuvi karibu na Bagamoyo. Maisha huko ni nafuu. Nilipata nyumba nzima yenye ua na kisima kwa kodi ambayo Nairobi isingenipa hata chumba. Kwetu nilishawatangazia wote kwamba nimefanikiwa, kwa hiyo nyumba ile sikuwa tayari kuipoteza kwa lolote.

Ila ilikuwa na kasoro. Chumba cha nyuma kilisakafiwa vizuri kwa saruji, isipokuwa katikati palipoachwa udongo mtupu, kipande kirefu chenye upana wa mlango. Mimi kitu kikipinda hata kidogo situlii. Nilikuwa naacha kazi kwenda kukitazama. Jirani yangu, Bi Mwanahawa, aliniambia, "Hapo paache, binti. Wapangaji waliokutangulia wote walipaacha." Nikajisemea, uvivu tu huo. Nikanunua saruji, nikaazima jembe.

Udongo wa juu ulikuwa mkavu. Chini yake ulikuwa mweusi, umelowa, unanata kama mafuta yaliyoganda chunguni. Zikatoka nyuzi za pamba, majani yaliyooza, na kipande cha sabuni kilicholainika kikapenya kati ya vidole. Na harufu! Kwanza ile kali ya kupanda puani, ambayo sasa najua ni karafuu maiti. Kisha, chini yake, kitu kama ndoo ya maji ya nyama iliyosahauliwa juani. Nilitapika pale pale mlangoni. Je, niliacha? Sikuacha. Nilitaka sakafu yangu iishe siku hiyo hiyo.

Ilikuwa mchana, jua la utosini, wanawake wote wako kwenye mashamba ya mwani. Nikasikia hodi. Uani alisimama bibi mmoja, kajifunga kanga kifuani, nywele zinachuruzika maji.

"Habari yako, bibi," nikasema.

"Kwenu hawaamkii?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Nimwagie maji, mwanangu. Mgongo siufikii."

Wewe ungekataa? Mgeni kijijini, unaombwa na mtu mzima? Nilidhani ni jirani aliyeishiwa maji. Nikamketisha kwenye kigoda, nikachota kwa kata, nikamwagia, nikaanza kumsugua kwa kiganja. Niamini, ngozi ilisogea. Ilisogea yote kwa pamoja, kama utando wa maziwa yaliyochemshwa ukiuvuta kwa kijiko, ikajikunja chini ya vidole vyangu, na kipande kikabaki mkononi, chembamba, cheupe, chenye vinyweleo. Pale kilipotoka hapakuwa na damu. Palikuwa na ule udongo mweusi.

"Endelea," akasema kwa upole, bila kugeuka. "Hata wale waliishia hapo hapo."

Natamani ningeweza kusema niliogopa. Sikuogopa. Nilishikwa na kinyaa, kinyaa kitupu, kile cha kukanyaga kitu laini kwa mguu mtupu. Nikaitupa kata nikakimbia, na nyuma yangu yeye anaita, "Mwanangu, bado upande mmoja! Mwanangu!"

Bi Mwanahawa nilimkuta pwani na kapu la mwani kichwani. Alipouona mkono wangu, udongo mweusi na ule utando bado umeganda, akalitua.

"Umepafukua?"

Nikaitikia.

"Pale ulichimbwa ufuo," akasema, akimaanisha mfereji wa kupokea maji ya kuoshea maiti. "Mama wa mwenye nyumba wako alifia mle peke yake, akakaa siku kadhaa hajajulikana. Walioingia kumwosha walishindwa na harufu, wakamvisha sanda nusu yake haijaguswa. Na wewe umeanza kumwosha?"

"Alinidai shikamoo, bibi, nikashindwa kumkatalia."

"Basi rudi umalize. Twende, nitakushikia kata."

"Siwezi."

"Unaogopa?"

"Namwonea kinyaa."

"Hata yeye anajua," akasema.

Sikwenda. Alikwenda yeye na wenzake wawili. Hawakumkuta mtu, ila kigoda kilikuwa kimelowa chepechepe. Wakafukia, wakasoma dua. Mimi nyumba sikuikanyaga tena. Sasa nina chumba kimoja Bagamoyo mjini.

Lakini mkono ndio huu. Vidole vya kulia vimejikunja na kuwa vyeupe, kama vya mtu aliyefua kutwa, na havikauki. Zahanati wamenipa marhamu tatu tofauti. Ngozi inabanduka kidogo kidogo, nami naiokota haraka kabla watu hawajaiona. Nikialikwa, sinia linawekwa kwa wengine, mimi naletewa sahani ya peke yangu, kwa adabu kabisa, na mwenye kuileta anatazama pembeni. Siwalaumu. Naijua ile sura, nilikuwa nayo siku ile.

Wewe unayepanga kuja kuishi huku kwa sababu ni nafuu, uliza nani alifia ndani, na kama alioshwa akamalizwa. Na mtu mzima akikuomba umwoshe mgongo, kataa kabla hujachota maji. Ukishamwaga kata ya kwanza, maliza. Tapika, futa mdomo, endelea.