Sakafu Kavu ya Bi Mdogo

Jumapili, saa tatu asubuhi. Mwanamke wa miaka hamsini na minne amepiga magoti kwenye sakafu ya chumba chake, na mbele yake ametandaza kipande cha blanketi jepesi juu ya taulo kuukuu. Anachota maji kijiko kimoja, anayamimina katikati ya kitambaa, kisha anainama na kuyatazama.

Maji yanatulia kidogo, halafu yanazama. Anaweka kiganja juu yake. Pakavu. Anainua ukingo wa blanketi na kugusa taulo iliyo chini. Huko ndiko kulikolowa.

"Yamepita," anasema kwa sauti ya chini, akimwambia mnyama aliyelala ndani ya kikapu kando ya kitanda.

Mnyama huyo ni simbilisi, mnene, asiye na mkia, wa rangi ya kahawia na nyeupe, anayeenea katika viganja viwili. Jina lake ni Bi Mdogo. Nyayo zake za nyuma zina vidonda, na daktari wa mifugo amesema wazi kwamba havitapona asipopata sakafu kavu na laini. Vikichimba hadi mfupani, mnyama huyo hataishi.

Wapo watakaoona ajabu kwa mtu mzima kuhangaikia kiumbe wa namna hiyo. Mwanamke huyu haoni ajabu. Mumewe alifariki miaka kumi iliyopita. Mwaka jana binti yake wa pekee, ambaye ni muuguzi, alihamishiwa kituo cha mbali, mwendo wa siku mbili, akamwachia mama yake simbilisi wawili: Bi Mkubwa na Bi Mdogo. Leo amebaki mmoja, na binti hajui.

Mtaani wanamwita Mama Dobi. Kwa miaka kumi na tisa amefua shuka za hoteli, mia moja na arobaini kwa siku, zaidi wageni wanapokuwa wengi. Mshahara wake humtosha kodi na chakula. Mfuko mmoja wa matandiko ya wanyama, ule unaouzwa madukani, ni ujira wake wa siku mbili, nao hautimizi wiki mbili kabla ya kwisha.

"Mifuko aliyoniachia mwanangu ilipokwisha, nikatazama nilicho nacho karibu," anasema.

Kilichokuwa karibu ni karakana ya seremala, nyumba ya tatu kutoka kwake. Siku hiyo fundi alikuwa akipiga randa mbao za kabati la nguo, mbao nyekundu yenye harufu nzuri, na maranda yamejaa hadi kwenye vifundo vya miguu yake.

"Shangazi, beba gunia zima," fundi alimwambia. "Mbao hii inafukuza hata nondo. Hao panya wako watanukia kama maharusi."

"Si panya, fundi."

"Haya, wakwe zako."

Alirudi nyumbani akicheka. Tundu la wanyama hao lilikuwa la kuku, lenye sakafu ya waya, lakini binti alikuwa ameufunika waya kwa zulia la plastiki ili miguu isiumie. Mama Dobi akamwaga maranda juu ya zulia hilo, akayasambaza kwa mkono, na chumba kizima kikanukia.

Baada ya wiki mbili Bi Mkubwa alianza kupiga chafya. Kisha macho yakatoa machozi, kisha akaacha kula. Alipofikishwa kwa daktari, maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Daktari alisugua maranda kati ya vidole vyake na kuyanusa. "Mama, harufu hii unayoipenda ni mafuta ya mbao, na mafuta haya huchoma mapafu yao. Halafu tazama vumbi la msumeno lilivyojaa humu. Ungechukua maranda ya mbao isiyonukia, yaliyokauka na kuchekechwa, pasingekuwa na neno."

Bi Mkubwa alikufa siku ya tatu. Mama Dobi alimzika nyuma ya nyumba, chini ya kamba za kuanikia nguo. Fundi aliposikia alikuja, akavua kofia, akasimama kando yake bila utani wowote. Kisha akarudi kazini, kwa kuwa mwenye kabati alikuwa akimngoja.

Jumapili iliyofuata simu ililia kama kawaida. "Wanaendeleaje, Mama?" binti aliuliza. Akajibu, "Hawajambo wote wawili." Jibu lilimtoka kabla hajalipima. Jumapili ya pili likawa jepesi zaidi kutamka na zito zaidi kubeba, na hivyo ndivyo miezi minne ilivyopita.

Bi Mdogo naye alinyamaza. "Zamani nilikuwa nikiingiza ufunguo tu mlangoni, wanapiga mbinja wote kwa pamoja, utadhani nimetoka safari," anaeleza. "Sasa naingia kimya, na yeye kimya. Kila mmoja na kona yake."

Akaapa kutotia tena maranda ndani ya tundu lile. Akageukia nguo, kwa sababu nguo ndiyo elimu yake. Hotelini huwaruhusu wafuaji kuchukua taulo zilizochakaa. Akachukua nne, akazikunja juu ya zulia la plastiki, na juu yake akatandika blanketi jepesi alilolikata kwa kipimo cha tundu. Mpango wenyewe ulikuwa sahihi, na daktari amethibitisha hivyo. Kosa lilikuwa katika ufuaji.

Alilifua blanketi lile kama anavyofua kazini: maji ya moto, sabuni, suuza mara mbili, na mwisho kifuniko kimoja cha kilainishi. "Kwetu shuka isiyotiwa kilainishi ni kazi nusu," anasema. "Msimamizi akiigusa akaona ngumu, unarudia."

Kitambaa kikawa laini kama pamba. Baada ya wiki chache nyayo za Bi Mdogo zikawa nyekundu. Mama Dobi alidhani kitambaa bado kigumu, akaongeza kilainishi hadi vifuniko viwili. Mazoea yana taabu. Wekundu ukawa vidonda.

Safari hii daktari hakuanza na dawa. Alimwuliza swali: "Mama, akikojoa, panalowa wapi? Juu au chini?"

Mtu aliyefua nguo miaka kumi na tisa hakuwahi kuchunguza hilo. Alirudi nyumbani, akamwaga kijiko cha maji juu ya kitambaa kisafi. Maji yakasimama palepale, yakimetameta kama umande juu ya jani la magimbi. Kilainishi kilikuwa kimezipaka nyuzi utando unaokataa maji.

"Alikuwa akilala juu ya mkojo," anasema. "Mimi nakipapasa kikiwa kimekauka, najisifu kwamba ni laini."

Tangu hapo amekifua kitambaa hicho mara nane kwa maji ya moto na siki, bila tone la kilainishi. Pale bombani jirani mmoja, mama wa watoto watano, alishindwa kuvumilia.

"Mama Dobi, hicho kitambaa kimekukosea nini? Kila siku unakipiga wewe tu."

"Namfulia mgonjwa."

"Mgonjwa ana miguu mingapi?"

"Minne, na miwili inamuuma."

Jirani alicheka hadi akaweka ndoo chini. Baadaye alimletea chupa ya siki iliyobaki nusu, akaiacha mlangoni, akaenda kwa watoto wake.

Leo ndiyo mara ya nane, na leo maji yamepita. Mama Dobi anatandika tundu upya na kunyoosha pembe zote nne kama anavyonyoosha vitanda vya hoteli. Katika kona moja anaweka majani makavu ya kujifichia. Anamweka Bi Mdogo katikati. Mnyama ananusa, anapiga hatua tatu, anajilaza. Baada ya siku hizi za kulala kikapuni juu ya taulo kavu, kingo za vidonda zimeanza kukauka.

Saa nne simu inalia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Wale wanaendeleaje?"

Anakaa kitandani. "Amebaki mmoja," anasema. "Bi Mkubwa alikufa. Ni miezi minne sasa. Nilimtandikia maranda ya mbao isiyofaa, na nikakuficha."

"Na kila Jumapili nauliza?"

"Kila Jumapili nilishindwa."

"Ulimzika na nani?"

"Fundi alikuja kidogo."

"Mama." Sauti ya binti imelegea. "Unajua kwa nini nawauliza wao? Nikikuuliza wewe, unasema hujambo, basi, simu imekwisha. Nikiwauliza wao, angalau unaongea."

Mama Dobi anajifuta uso kwa kanga, halafu anaanza kueleza habari ya kilainishi tangu mwanzo, na simu hiyo inachukua karibu saa nzima.

Mpango sasa ni huu. Daktari anamfahamu mzee mmoja aliyebakiwa na simbilisi jike asiye na mwenzake, na yuko tayari kumtoa. Vidonda vikifunga, pengine baada ya mwezi, ataletwa. Fundi ameahidi kutengeneza tundu pana zaidi. Tayari amekuja na vipande vya mbao mkononi. "Nusa mwenyewe, shangazi," alisema. "Pua yangu mimi imeuawa na vanishi."

"Mgeni hatutamwingiza siku ya kwanza," anasema Mama Dobi. "Tutaweka wavu katikati, wasikilizane kwanza. Kuzoeana hakutaki haraka."

Anaikunja taulo iliyolowa na kuitia kwenye beseni.

"Na Jumapili mwanangu akipiga, nitamweleza miguu ya Bi Mdogo. Tukimaliza hiyo, nitamwambia na habari ya mgongo wangu. Unaniuma tangu mwaka jana, wala hajui."