Mwaka Ndege Walipomaliza Mpunga wa Bibi

Leo ni siku ya tatu niko Kasokola na tayari miguu inaniwasha. Wakala wangu amepiga simu mara mbili: kuna timu Botswana inataka beki mzoefu, nijibu leo. Mzoefu maana yake mzee, nisikudanganye. Nimecheza Zambia, Rwanda, Msumbiji, na kote huko sikuwahi kufikisha mwaka wa tatu kwenye nyumba moja. Lakini jibu nimelishikilia, kwa sababu kuna neno nimekuja kumwambia baba mkubwa, na linanikaba kuliko straika yeyote.

Wewe uliyekulia mjini Kashaulili huenda hujui kulinda mpunga. Ukianza tu kutia maziwa, kwelea wanashuka kundi kwa kundi, alfajiri na jioni. Mimi na bibi tulikaa juu ya dungu tukivuta kamba iliyofungwa makopo, tukipiga kelele mpaka koo linakauka. Bibi aliwatukana ndege wale kwa Kipimbwe, mimi nacheka. Mchana tulikula viazi vya kuchoma kwenye majivu, na matope ya jaruba yalinuka mpaka kwenye kucha. "Ndege haugui," alizoea kusema, yaani nasi tusitafute visingizio. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye barabara ya Ilembo.

Jioni moja mwalimu wa michezo alikuwa anachagua timu ya mkoa huko Ilembo. Bibi alikuwa ameshuka mtoni kuloweka muhogo. Nikajisemea, nusu saa tu. Ala! Nusu saa ya mpira unaijua mwenyewe. Nilirudi jua linazama, nimechaguliwa, nimejaa vumbi na furaha, nikakuta mashuke yamebaki makapi. Bibi alikuwa amesimama katikati ya jaruba, ameshika kichwa. Nililia sana.

Baba mkubwa alikuwa ameshaapa: nikiacha kazi tena kwa ajili ya mpira, mpira basi. Alipokuja kukagua, bibi akamwambia, "Mwanangu, nilipitiwa na usingizi. Mtoto nilimruhusu mwenyewe." Nami nikauacha uongo ule usimame. Mwaka ule tulikula ugali wa muhogo mpaka tukauchukia, na bibi hakupandishwa tena dunguni. Baba mkubwa alisema amezeeka. Kila msimu akaachwa nyumbani kupukuchua mahindi, yeye aliyependa shamba kuliko kitanda. Nikipiga simu kutoka ugenini nilijiambia nitasema nikirudi. Nikarudi, sikusema. Akafariki nikiwa Msumbiji, ligi inaendelea.

Sasa jaruba lile limepimwa viwanja. Kuna msingi wa nyumba na rundo la matofali, na kwelea wenyewe sijawaona tangu nifike. Nimelizunguka mara nne leo, siwezi kukaa.

Jioni hii, tukinawa mikono tule, nikamwambia baba mkubwa yote kwa pumzi moja: bibi hakulala, niliyeondoka ni mimi. Hakufoka. Heri angefoka. Aliitazama mikono yake inavyochuruzika maji, na simu yangu ikitetemeka mfukoni.

"Mama alikaa miaka yote ile ananiomba nimrudishe shambani," akasema. "Mbona hukusema akiwa anasikia?"