Fuwele na Amina

Mpimaji huyu wa madini, jirani yangu wa Shirere, huzungumza akiwa amefunika mdomo kwa kiganja. Hata dukani huagiza sukari hivyo, kana kwamba muuzaji atapeperuka. Kazini huokota fuwele ndogo kuliko chembe ya chumvi kwa sharubu ya paka iliyogundishwa kwenye njiti. Juzi alinionyesha fuwele ya madini adimu ya jamii ya silikati, imesimama kwenye ncha ya uzi wa kioo. Viambato vyake alikwisha kuvipima. Ilibaki kuipiga eksirei ili mpangilio wa atomu zake ujulikane, na isiyo na ufa ilikuwa hiyo moja. Mimi, mja niliyezeekea katika Kilatini na Zaburi, ningeliachaje jambo hilo bila dua? Niliomba kwa ufasaha, nikahitimisha kwa Amina ya kutikisa madirisha. Ncha ikabaki tupu.

“Mzee, hiyo Amina imebeba fuwele yangu,” alinong’ona kiganjani. “Na sina ingine.”

Tulipiga magoti, tukaikagua sakafu. Kisha macho yake yakatua kwenye ndevu zangu, akaisogeza sharubu ya paka polepole.

“Sasa, Mzee, usipumue.”

Nami, niliyehubiri maisha yangu yote juu ya pumzi ya uhai, nikaizuia yangu.